Kalenda Iliyogoma Kabla ya Saa Nne

Saa tatu na nusu asubuhi, fundi wa tovuti anabonyeza kitufe cha kalenda ya miadi kwenye tovuti ya zahanati kwa mara ya kumi na mbili. Kimya. Chai iliyo pembeni ya kibodi imepoa hadi imefanya utando.

Saa nne kamili, zahanati ya macho inafungua nafasi ishirini za upasuaji wa mtoto wa jicho. Hutolewa mara moja kwa mwezi, kwa tovuti tu. Moja inasubiriwa nyumbani humu humu: mama mkwe wake haoni tena jicho la kulia, na la kushoto linafifia.

"Nimebakiwa na nusu saa tu," ananiambia bila kugeuka, mimi mgeni niliyekuja kutazama kazi yake. "Ukiniuliza, niulize polepole."

Mwanamke huyu anatunza tovuti saba peke yake, kwenye meza ya kulia chakula. Mama mkwe huwaambia majirani kwamba mkwewe "anacheza na kompyuta." Mimi sijawahi kuona mchezo wa kumtoa mtu jasho namna ile.

Chanzo ni picha. Jana matroni wa zahanati aliomba picha zinazopishana kwenye ukurasa wa mbele, naye akaziweka. Zilikuja na maktaba yao ya JavaScript, yaani fungu la maagizo ambalo fundi hulichukua likiwa limeshaandikwa. Kalenda nayo ina maktaba yake. Zote mbili hujiita kwa alama ya dola, na inayoingia mwisho hunyakua jina. Kalenda ikiita, anaitika mgeni asiyejua lolote kuhusu miadi.

"Jana nilijaribu hapa ikakubali. Kumbe kompyuta ilikuwa inanionyesha ukurasa wa zamani iliouhifadhi! Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Naona aibu."

Simu inaita. Ni matroni.

"Mwanangu, watu wanalalamika. Kuna nini?"

"Nimeharibu mwenyewe, mama. Nipe dakika kumi."

Anaikata. Anaandika mstari mmoja wa kuilazimisha maktaba ya picha iachie ile alama, itumie jina lake refu. Kisha anapekua ukurasa mzima, akibadilisha jina kila linapotajwa na picha. Saa nne kasoro dakika nne anachukua simu kuukuu ya mama mkwe, maana hiyo haijahifadhi ukurasa wowote wa zamani. Anabonyeza.

Kalenda inafunguka.

Saa nne inapogonga, habanduki kwenye dirisha ambamo kompyuta huorodhesha makosa ya tovuti, akihofia mistari myekundu. Hakuna hata mmoja. Baada ya dakika sita nafasi zote zimekwisha, naye anashusha pumzi.

"Yangu umeiandika?" mama mkwe anauliza kutoka kwenye kochi.

Fundi anajishika kichwa. Hakuiandika.

"Funguo za tovuti ninazo," ananiambia kwa sauti ya chini. "Naweza kumchomeka wa ishirini na moja. Lakini daktari ana mikono miwili tu, na kuna mtu atarudishwa mlangoni." Macho yamemjaa machozi. Anaifunga kompyuta.

Mpango wake ni kutengeneza nakala ya tovuti ya kufanyia majaribio, na kutogusa chochote wiki ya miadi.

"Nisamehe, mama."

"Mwezi ujao nitabonyeza mwenyewe," anajibu mama mkwe. "Wewe hangaika na mitambo yako. Nionyeshe tu ni wapi."

Fundi anakaa kando yake, anamshika kidole, na kukipeleka taratibu juu ya kioo.