Startup yetu ya AI ilimpa pole Maman Ngalula kwa sauti yangu, mimi sina habari ana msiba

Wakuu, heshima kwenu wote.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, siyo mwandishi. Leo naandika kwa sababu nimechoka kubeba hili peke yangu. Nitasema lilivyokuwa. Chumvi siongezi, lenyewe limekolea.

Nipo Lubumbashi, Congo. Kiswahili cha huku kimejaa Kifaransa. Nitajitahidi kunyoosha, ila watu wakiongea nitawaacha waongee kama tunavyoongea. Mtanivumilia.

Niiteni Nadège. Nilikuwa muuzaji kwenye startup ya AI hapa mjini, ghorofani, juu ya duka la dawa. Jina lake silitaji. Wenyewe tuliiita Boîte, yaani kampuni tu, kwa Kifaransa cha mtaani.

Boîte inauza msaidizi wa WhatsApp kwa wafanyabiashara wadogo. Mteja anaandika kuuliza bei, mashine inajibu. Anauliza saa za kufungua, mashine inajibu. Kwa mafundi cherehani ndiyo ilikuwa dawa kabisa, maana mnajua swali ambalo fundi hapendi kulisikia: "nguo yangu imeisha?" Sasa mashine ndiyo inasema "bado kidogo", kwa adabu, bila kuona haya. Mafundi walifurahi sana kupata wa kuwadanganyia.

Tucheke kidogo hapo, mbele hakuna kicheko.

Kazi yangu ilikuwa kuwapata hao mafundi. Patron wetu, yaani bosi, Hervé, kijana aliyerudi kutoka masomo ya nje, alitaka niende na tablet, nifanye demo, wasaini, nitoke. Nilijaribu. Kule Kamalondo, mtaa wa mafundi, walinitazama kama mtu wa kanisa jipya.

Aliyenifungulia mlango ni Maman Ngalula. Ana atelier yake hapo Kamalondo, karakana ya kushona, wanawake wanamletea bikwembe, yaani vitenge, vya harusi na vya sherehe za kanisa. Alikuwa rafiki wa mama yangu, na mama alipofariki, yeye ndiye aliyebaki kuniita mutoto wangu kwa kumaanisha.

Hakuelewa AI ni nini. Alisaini kwa sababu ni mimi. Halafu akanishika mkono, akanipeleka kwa mafundi wenzake, mmoja baada ya mwingine: "Huyu iko mutoto yangu, mumusikilize."

Basi sales strategy yangu yote ndiyo hiyo. Kukaa. Unakaa kwenye kiti cha plastiki, unauliza watoto, unakunywa maji unayopewa, unasikiliza habari za mgongo unaouma. Demo inakuja mwisho, wakati mwingine haiji kabisa na mtu anasaini hivyo hivyo.

Nikawa wa kwanza kwa mauzo. Na pale Boîte kulikuwa na desturi: kila asubuhi tunasimama duara, anayesaini wateja anapigiwa triple ban. Ni yale makofi ya pamoja ya mpangilio tuliyofundishwa tangu shule ya msingi. Ukutani kumeandikwa "Sisi ni famille", yaani familia. T-shirt tunazo. Mwanzoni nilipenda, sitadanganya. Mtu anayepigiwa makofi asubuhi anatembea vizuri mchana kutwa.

Lakini famille ile ilikuwa na sheria zake.

Mojawapo: ruhusa ya kilio, nyinyi mnaita msiba, ni kwa mzazi, mume, mke, mtoto au ndugu wa tumbo moja. Basi. Wengine wote, unatuma ujumbe. Hervé alikuwa akisema, "Lubumbashi kila siku iko kilio. Tukienda ku kilio yote, nani atafanya kazi?"

Hesabu yake siyo mbaya ukiisikiliza ukiwa ofisini. Huku kwetu lakini, kilio hakipewi pole kwa simu. Unakwenda, unakaa chini na wafiwa, wanawake wanapika bukari, ugali wetu, unalala hapo ukiweza. Usipoonekana, watu wanajua hukuwepo, na hawasahau.

Halafu wawekezaji wakaanza kupiga simu, na Hervé akaanza kuongea kwa curve, mchoro wa ukuaji wa mauzo.

Aliniita. "Nadège, weye unauzisha muzuri, mais unauzisha na kuikala. Kuikala haiwezi ku-scale." Yaani kukaa na watu hakuwezi kuzidishwa kwa wateja maelfu.

Suluhisho lake: wachukue sauti yangu. Nikae kwenye chumba kidogo, nisome sentensi, mashine ijifunze, halafu iwe inawasalimia wateja wangu na kuwakumbusha malipo na huduma mpya, kwa audio, kwa sauti yangu, kutoka namba yangu ya kazi, ambayo ndiyo Maman na wateja wote walikuwa nayo. Mimi nibaki na miguu yangu ya kutafuta wateja wapya.

Wakuu, ilipokelewa vizuri. Watu wananisimamisha barabarani, "Aksanti kwa ile audio ya jana, ilinifurahisha." Nami natabasamu. Sijui hata ilisema nini. Namba ile haikuwa inalia tena mfukoni mwangu, ilikuwa kwenye mfumo. Mazungumzo ningeweza kuyafungua kwenye kompyuta ofisini, lakini yalikuwa mengi kama siafu, na Hervé alitaka niwe njiani.

Akanituma Likasi, mji wa jirani, kufungua soko. Nilikaa huko zaidi ya wiki. Nilirudi nimechoka, sauti imekauka, miguu imevimba.

Asubuhi ya kurudi, duara kama kawaida. Hervé ana furaha. Anasema leo anataka kutuonyesha mazungumzo bora kuliko yote ambayo mfumo umewahi kufanya, atayaonyesha na kwa wawekezaji. Akabonyeza kwenye spika.

Ikatoka sauti ya Maman Ngalula. Analia.

"Nadège, mutoto wangu. Papa alishatuacha. Papa alishaenda, Nadège."

Papa ni mume wake. Alikuwa anaugua muda.

Kabla sijavuta pumzi, ikafuata sauti yangu. Yangu kabisa, hata kile kikohozi kidogo nilicho nacho.

"Pole, Maman. Pole kabisa. Niko pamoya na weye. Kesho asubui nitakuya, nitaikala na weye."

Maman akajibu, "Aksanti, mutoto wangu. Nakungoya."

Hervé akazima. "Munaona? Iyo njo empathie, huruma ya kweli! Client eko na analia, anamaliza na aksanti. Triple ban ya Nadège!"

Wakapiga. Wote. Makofi yale ya mpangilio, watu wanatabasamu, mimi niko katikati ya duara.

Nilimuuliza, "Hii ilikuwa lini?"

"Juma ilipita."

"Balishazika?"

Akanitazama kama nimeuliza swali la mtu wa idara nyingine. "Nazani. Mais conversation ilifungika muzuri, Nadège. Hakuna plainte."

Hakuna malalamiko. Hilo ndilo alilokuwa anapima.

Nilitoka hapo na T-shirt yao mwilini. Ndani ya taxi nililia mpaka dereva akazima redio mwenyewe.

Nilimkuta Maman kwenye parcelle yake, ua wa nyumba, nyuma ya atelier, amekaa kwenye mkeka, amevaa nyeusi mwili mzima. Viti vya kukodi vimesharudishwa. Masufuria makubwa yameinamishwa ukutani yakauke. Kilio kimekwisha.

Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza.

"Ulifika," akasema.

Nikapiga magoti, nikaanza kueleza, maneno yanagongana. Akaniacha nimalize pumzi, halafu akaongea taratibu, bila hasira.

"Bamaman balikuwa banataka kuikala pembeni yangu. Nilibakatalia. Nilisema apa iko nafasi ya Nadège, eko mu njia. Siku ya kuzika pia nilibaambia: mungoye kidogo, anakuya. Bakaniambia, Ngalula, jua inashuka. Njo tukaenda."

Alichelewesha mazishi ya mume wake kwa ajili yangu, wakuu. Na mimi niko Likasi nauza demo.

"Maman, haikuwa mie. Iko machine. Balikamata sauti yangu, bakaitia mu machine. Mie sikujua kama papa alikufa. Nakuapia."

Ilimchukua muda. Alinifanya nirudie. Niliona uso wake unavyoelewa polepole, na ningependa nisingeuona.

"Machine njo iliniambia pole?"

"Ndiyo, Maman."

Halafu akachukua simu yake, akapandisha mazungumzo yetu juu, juu, juu sana, mpaka audio moja ya zamani, ya wakati papa alipolazwa mara ya kwanza. Boîte haikuwa hata na wazo la sauti bado. Ile niliirekodi mimi, kwenye kitanda changu nyumbani, mtaa wa Makomeno, sala ndefu, nalia katikati.

Akaibonyeza. Tukaisikiliza yote.

"Hii nilimusikilizishaka papa ku lopitalo," akasema. "Kila magaribi alikuwa ananiomba: nitilie Nadège. Niambie, mutoto wangu. Hii, iko weye?"

"Iko mie, Maman. Hii iko mie kabisa."

Alinitazama kama anayenihurumia.

"Ile ingine pia ilisema iko weye."



Nilikaa pale mpaka wajukuu wakaleta bukari na sombe, yaani kisamvu. Nikala nilichopewa.

Niliacha kazi. Hervé hakukasirika, na hilo ndilo linalonichosha zaidi ya yote. Siyo mtu mbaya. Alinisikiliza, akaandika, akasema ataongeza kitu kwenye mfumo ili neno kilio likitajwa, muuzaji apate alert. Kwake ilikuwa kasoro ya kurekebisha. Nikamwomba anifutie sauti yangu. Akasema itafutwa wawekezaji wakishaondoka. Guylain, fundi wetu wa mfumo, ananiambia ameshaifuta. Nitajuaje? Sina nguvu ya kufuatilia.

Niseme nilichojifunza, japo sijioni kama mtu wa kufundisha.

AI sina ugomvi nayo. Ijibu bei, ijibu saa, idanganye kwamba nguo bado kidogo. Ugomvi wangu ni na huku kukimbia. Tulitaka kukua haraka, tukaangalia kinachouza, tukakuta ni upendo wa watu waliokaa pamoja miaka. Tukasema vizuri, tuuchukue huo, tuache kukaa. Na ndani ya ofisi tukaitana famille huku tukikatazana kwenda kuzika.

Mkiwa mnaajiriwa kwenye startup hizi, ulizeni sheria ya msiba kabla ya kuuliza mshahara. Na sauti zenu msizitoe. Mimi niliona ni sifa.

Bado nakwenda Kamalondo. Maman ananipa kiti, ananiuliza kama nimekula. Lakini zamani alikuwa ananitumia audio kila asubuhi, akiwa anafungua atelier: jua limetokaje, nani kagombana na nani. Sasa hatumi. Mimi nilimtumia moja tu, ya salamu, kwa namba mpya niliyompa, wiki chache baada ya kilio. Alama zinaonyesha imefika. Hajaifungua.

Safari iliyofuata nikamwuliza kwa nini. Akajibu huku anatia uzi kwenye sindano, "Unikuyie tu, mutoto wangu. Kama unakuya, najua iko weye."

Basi nakwenda.

Wakuu, kuna aliyewahi kupoteza imani ya mtu namna hii, kwa jambo ambalo hakulisema yeye, akairudisha? Ulifanya nini? Wenye dhihaka piteni taratibu leo, wengine nawasoma wote hata kama nitachelewa kujibu.