Shavu la Kupimia Bangili

Binamu yangu aliota chunusi akiwa na miaka thelathini na mbili, umri ambao wenzake walikuwa wameshaanza kulalamikia magoti. Alipokuwa shuleni hakuwa na hata kipele. Shangazi yangu, yaani mama yake, alikuwa akiisifia ngozi ya binti yake mbele ya wageni kana kwamba ameifuma kwa mkono. Basi chunusi zilipokuja, zilikuja kwa mkupuo. Zikakaa kidevuni, zikajaza mashavu yote mawili, na chache zikapanda hadi ncha ya pua, nadhani ili zisipitwe na mambo.

Nasema hivi kwa mapenzi. Mimi na yeye ni watani tangu utotoni, na asiponitukana asubuhi nashinda nikihisi nimesahau kitu nyumbani. Isitoshe tunafanya kazi chini ya paa moja. Mimi ni fundi saa, nimepanga pembe ya duka la sonara mmoja mzee, pembe inayotosha meza yangu na makalio yangu, basi. Binamu alikuwa muuzaji wa kaunta katika duka hilohilo. Kati yetu palikuwa na kabati la kioo, na juu ya kabati hilo ndipo maneno yalipopita kutwa nzima.

Lakini kaunta haikuwa moyoni mwake. Moyo wake ulikuwa kwenye meza ya moto. Meza hiyo ilikuwa nyuma, karibu na dirisha la uani, na hapo ndipo sonara alipoketi na tochi yake ya gesi, koleo na nyundo ndogondogo, akiyeyusha fedha na kuikunja iwe pete au bangili. Kila mara duka lilipokuwa halina mteja, shingo ya binamu iligeukia huko. Watoto wa mzee walishaikimbia kazi, mmoja kaenda benki, mwingine anauza magari. Kwa hiyo binamu aliomba meza hiyo, akaomba tena, akaomba hadi mimi nikachoka kwa niaba yake.

Siku moja mzee akamwambia, "Sikiliza, binti. Nimepata kazi ya bibi harusi, bangili za mikono yote miwili. Mimi nazitengeneza, wewe unazimalizia. Zikitoka safi na mwenyewe akaridhika, unahamia nyuma. Zikiharibika mikononi mwako, tusisumbuane tena. Usiniombe meza maisha yako yote."

"Nimekubali, mzee," akasema binamu, haraka kuliko wengine wanavyokubali ndoa.

Kumalizia bangili ni kuisugua kwa kitambaa na unga mweupe hadi ing'ae, kisha kuipima. Na kwa sonara wetu bangili haipimwi kwa kidole. "Kidole cha fundi kimeota sugu," husema, "kinaongopa. Shavu haliongopi." Kwa hiyo kila bangili hupitishwa shavuni, polepole, ukingo wa ndani na wa nje, na mkwaruzo uliojificha hata machoni, shavu linauona. Shavu la mzee mwenyewe lilikuwa limestaafu zamani, limejaa makunyanzi na ndevu za brashi. Shavu la duka lilikuwa la binamu. Sasa mtaelewa msiba. Kwa mwanamke mwingine chunusi ni habari ya kioo na picha. Kwa binamu yangu, nyenzo ya kazi ilikuwa imeota kutu, tena mwezi wa mtihani.

Dawa alizoletewa zingeweza kujaza gunia. Shangazi alisema ni damu chafu, akamnywesha maji ya majani machungu hadi mtoto wa watu akawa anaogopa kumtembelea mama yake. Jirani alisema apake dawa ya meno. Jirani mwingine alisema aolewe, zitaisha zenyewe. Mimi nilimshauri avae kofia ya pikipiki. Mwishowe akafanya jambo la akili, akaenda duka la dawa, na mfamasia akamtazama uso bila kumpa pole, akamkabidhi sabuni na krimu ya salfa.

"Paka kidogo asubuhi na usiku," mfamasia alimwambia. "Kidogo, usiwe kama unapiga ukuta chokaa. Inakausha, na inanuka nuka. Ukiona ngozi inawasha sana, punguza. Na uwe mvumilivu, hizi hazikuja kwa siku moja, haziondoki kwa siku moja."

Binamu yangu alilishika kila neno isipokuwa "kidogo". Alijipaka kama mtu aliyenunua kiwanja anayetaka kukimaliza chote. Juu ya krimu akapaka poda, na juu ya poda akajifunga mtandio hadi chini ya macho, akawa anauza pete kwa nyusi tu.

Hapo ndipo duka lilipoanza kunuka. Harufu yenyewe ilikuwa ya yai lililosahauliwa kabatini. Sonara hakuinusa, maana moshi na tindikali za miaka mingi zilishaiua pua yake, hawezi kutofautisha waridi na soksi. Binamu naye alishaizoea. Niliyeumia ni mimi. Na mimi, kwa hasira zangu, nikaamua moja kwa moja kwamba ni mtaro wa maji machafu. Nikamfuata mwenye nyumba hadi mlangoni kwake, nikamwambia anatufanya tuishi kama panya. Akaniambia mtaro wake ni mzima, labda nioge. Tukarushiana maneno hadi mkewe akatoka na mwiko.

Wakati huo bangili zikaanza kusawijika. Binamu alizisugua zikang'aa hata ukajiona, akazipitisha chini ya mtandio na kuzipima shavuni moja moja, akazifunga kwenye boksi lenye kitambaa chekundu. Kesho yake kafungua, zina madoa ya kahawia, na kingo zimekuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Akazisugua upya, akazipima kwa uangalifu zaidi, yaani akaziburuza shavuni mara mbilimbili, akafunga. Kufungua tena, nyeusi zaidi.

"Mzee," akasema kutoka ndani ya mtandio, "njoo uone."

Sonara akaigeuza bangili mbele ya dirisha. Uso wake ukazeeka hapo hapo. "Nimeibiwa," akasema. "Hii fedha imechanganywa uchafu." Akachukua simu, akampigia mfanyabiashara aliyemuuzia fedha ile, rafiki yake wa tangu ujana, mtu waliyelala naye chumba kimoja walipokuwa wanafunzi wa kazi. Akamwita mwizi. Akamwita nyoka. Akamwambia asikanyage dukani kwake wala kwenye mazishi yake. Halafu akakata simu na kukaa kwenye kigoda bila kuwasha moto, na ilituuma sote kumwona vile.

Binamu akaja pembeni kwangu. "Mtihani wangu umekwisha," akanong'ona. "Bibi harusi anakuja leo mchana na mama yake."

Sikupata nafasi ya kumjibu, kwa sababu fundi bomba aliingia. Mwenye nyumba alikuwa amechoshwa na mimi, kamleta ili anyamazishe kelele zangu. Fundi alikuwa amefungua mtaro wote, kaingiza waya, kaingiza mkono, karibu aingie mwenyewe.

"Bwana mkubwa," akaniambia huku akijifuta, "mtaro wako ni msafi kuliko sahani za kwangu. Harufu haitoki chini. Ipo humuhumu ndani, na inatembea."

"Inatembeaje?"

"Nilipopita hapa asubuhi ilikuwa kule kaunta. Sasa ipo hapa ulipo."

Akaondoka. Mimi nikamgeukia binamu, nikasema kama ninavyosema siku zote, "Basi ni wewe. Umeoza na bado unatembea, hukusubiri hata kuzikwa."

Siku nyingine angenijibu kuhusu kipara changu. Safari hii aliitazama bangili iliyokuwa mkononi mwake, akagusa shavu lake, akavitazama vidole. Kisha akaenda rafu ya juu, akateremsha chupa ambayo mzee hutumia wateja wanapotaka fedha ionekane ya kale, dawa inayoigeuza kuwa nyeusi kwa makusudi. Chupa hiyo hairuhusiwi kufunguliwa karibu na fedha safi. Akaifungua, akanusa. Akatoa bomba la krimu yake mfukoni, akanusa, harufu ni ileile. Akakaa chini sakafuni.

"Ni mimi," akasema. "Ni salfa. Nimezipaka mwenyewe, moja moja."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamwinamia. "Sikiliza. Nawa uso. Zisugue tena, mwambie mama wa bibi harusi arudi kesho. Kesho zitakuwa nyeupe, mzee atashangaa, wewe unahamia nyuma. Nani atajua?"

"Na rafiki yake?"

"Watapatana. Wazee hupatana."

"Amemwambia asije kwenye mazishi yake."

"Nani ameshawahi kukagua waliokuja kwenye mazishi yake?"

Na kabla hatujaamua lolote, mlango ukafunguliwa, wakaingia. Mama alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Binti yake alimfuata nyuma, uso umepakwa poda nzito, macho yanatazama chini.

Sonara akatoka na boksi, akaliweka juu ya kioo, akalifungua. "Mama," akasema, "nimefanya kazi hii tangu sijaota ndevu, na leo naona aibu. Niliuziwa fedha mbovu. Sina bangili za kukupa."

"Huna nini?" akauliza mama. "Harusi ni Jumamosi! Mwanangu atavaa nini, mpira wa kufungia nywele? Wewe mzee, nimekuja kwako kwa sababu niliambiwa..."

Aliambiwa nini hatukujua, kwa sababu binamu alikuwa amesimama mbele yake na anafungua mtandio. Kwa wiki nyingi hakuna aliyeuona uso ule zaidi ya kioo chake. Akaukunja mtandio, akaufuta uso wote hadi poda ikaisha, na zikaonekana zote, za zamani na mpya, zenye vichwa na zisizo na vichwa, na krimu imeganda katikati yake.

"Fedha si mbovu, mzee," akasema binamu. "Mbovu ni shavu langu." Akachukua bangili iliyokuwa bado nyeupe upande mmoja, akaipaka krimu kidogo, akaenda kwenye meza ya moto, akawasha taa ndogo ya mafuta na kuipitisha juu yake. Sote tukamfuata. Bangili ikawa ya manjano, ikawa ya kahawia, ikawa nyeusi. "Nilizipima zote hivi. Naomba umpigie rafiki yako."

Mzee akaishika bangili kwa koleo. Akauliza, "Wewe ndiye uliyeziharibu?"

"Ni mimi."

"Na ahadi yetu ilisemaje?"

"Zikiharibika, nisikuombe meza tena."

"Basi usiniombe."

Akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi yangu, na kama mzee asingekuwa mzee ningemrushia. Bibi harusi, ambaye hakuwa amesema neno tangu aingie, akachukua ule mtandio mikononi mwa binamu, akajifuta uso wake mwenyewe. Chini ya poda palikuwa na shamba kama la binamu, labda lenye mavuno zaidi.

"Dada," akauliza, "hiyo dawa inasaidia?"

"We mtoto!" mama yake akapiga kelele.

"Inasaidia," akasema binamu. "Ukipaka kidogo. Mimi sikusikia."

Mzee akampigia rafiki yake, akamwambia alikuwa anamtania asubuhi, na kutoka upande wa pili tulisikia matusi ambayo hata mimi nimeyahifadhi kwa matumizi ya baadaye. Walipomaliza kutukanana walikuwa wanacheka. Kisha mzee akavaa miwani na kuzisugua bangili zote mwenyewe, weusi ukatoka, zikang'aa. Ikafika kupima. Akajaribu shavu lake, likakwama kwenye ndevu. Akamtazama binamu, akamtazama bibi harusi, akatikisa kichwa. Akanitazama mimi, akatikisa kwa nguvu zaidi.

"Mama," akasema, "njoo hapa unisaidie."

Mama yule akainama juu ya kaunta, akatoa shavu kubwa, jororo, akapimiwa bangili zote za binti yake. Mwanzoni alifumba macho kwa hasira. Baadaye nikaona anafumba kwa starehe. "Hii safi," akawa anasema. "Hii nayo safi. Hii inanikwaruza, hapa, kwenye kiungo. Lakini jamani, kazi nzuri. Nimeridhika."

Mzee akaichukua ile iliyokwaruza, akaitazama kwa lenzi. Kiungo, pale ncha mbili za bangili zinapokutana, kilikuwa kimeachana kidogo, upana wa unywele. Halafu akamwita binamu, aliyekuwa ameshaanza kufagia unga mweupe kwenye kaunta kama mtu anayeaga mahali.

"Binti. Nilikwambia usiniombe meza?"

"Uliniambia, mzee."

"Mtu haombi kilicho chake. Nawa huo uso, uje ukae, uwashe moto. Kiungo kimeachana, na mimi macho yamechoka."

Binamu akanawa. Akaja na uso mtupu, unaodondosha maji, chunusi zote nje mbele ya watu, akaketi kwenye kigoda na kuinua tochi. Moto ukawaka buluu. Akanigeukia juu ya kabati la kioo, akingoja nimtupie neno, na mimi nikalitafuta kila mahali nisilione.