Wimbo Uliotoka kwenye Chaki

Sauti ninayoikumbuka vizuri kuliko zote ni ya watoto thelathini na wanane wakipanda kutoka do mpaka so: sauti moja nyembamba mbele, na zilizobaki nyuma yake kwa kitambo kidogo tu, kama vumbi linavyofuata unyayo. Niliipenda mno. Nilikuwa nikisimama na chaki mkononi, mwili ukinisisimka, nikijisemea, tazama, wanasoma.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Elimu yangu ilikuwa darasa la sita na miaka miwili ya ualimu, nami nilikuwa nimepewa shule ya misheni nje kidogo ya Tabora, kando ya ile njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Mizigo ilishahamia kwenye gari la moshi, lakini njia ilikuwa bado inapitika, na babu za watoto wangu wengi waliipita na pembe za ndovu begani. Kazi yangu mimi ilikuwa kuandika sauti za wimbo, do, re, mi, ubaoni kwa herufi zake za kwanza, na kuzitenga kwa nukta mbili. Niliwaambia nukta mbili ni hatua ya mguu, na kistari ni kuendelea kutembea huku sauti umeishikilia. Hilo walilielewa papo hapo. Iliyowashinda ni fa. Nilichora ngazi nikawaonyesha kwamba kutoka mi kwenda fa kidato ni kifupi, lakini nyimbo za nyumbani kwao hazikanyagi pale, basi wao waliiruka kama mtu anavyoruka shimo.

Nilikuwa na ndoto, wala sikuificha. Yeyote aliyenipa sikio nilimwambia kwamba iko siku mtoto wa Tabora ataandika wimbo wa bibi yake wa kutwangia, autie kwenye bahasha, na mtoto wa Mwanza aufungue auimbe, bila kumjua huyo bibi. Mwalimu mkuu, mzee mpole aliyelipenda shamba la karanga la shule kuliko kitu chochote, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema karanga nazo huimba, ukizimenya.

Siku moja akaniambia kwamba mkaguzi, Mzungu, anakuja baada ya wiki mbili. Atataka watoto waimbe kutoka ubaoni kitu ambacho hawajapata kukisikia. Wakiweza, kipindi cha kuimba kitabaki. Wasipoweza, saa ile inakwenda shambani, na mimi nirudi kufundisha kushona. Nilicheka. Sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Kesho yake binti mmoja wa darasa langu hakuja. Mama yake alikuwa amempeleka Lusu kwenye msiba. Nikaandika mstari mpya, nikagonga meza, moja, mbili. Kimya. Nikagonga tena. Watoto wananitazama kwa heshima kabisa, midomo imefunguka nusu, kama watu waliokaribishwa chakula wakimngoja mkubwa anawe kwanza.

Nyuma kabisa alikaa mtoto wa kike aliyehamia kwa shangazi yake kutoka Usinge, hata mwezi hajamaliza. Wenzake walimtania kwamba huko kwao msituni alifundishwa kuimba na nyuki. Ndiye aliyeinua mkono.

"Mwalimu, wanamngoja yeye aanze."

"Nani?"

"Aliyekwenda Lusu. Yeye anasoma, hawa wanamwitikia."

"Nyamaza, nyuki we," mmoja akamwambia.

"Nyuki wanaimba wote pamoja," akajibu. "Nyie mnamsubiri mmoja. Hata mimi sijui kusoma, mwalimu, lakini na hawa hawajui."

Nilijikuta nimekalia meza. Hawakuwa wamenidanganya. Kwao ndivyo wimbo unavyoimbwa, kwenye jembe, kwenye kinu, hata babu zao chini ya mizigo: mmoja anatoa, wengine wanapokea. Na walikuwa wepesi kupokea kiasi kwamba sauti ikitoka kinywani mwa yule binti, kabla haijafika dirishani wao wameshaidaka. Moyo ulinivunjika, ndiyo, kidogo. Ila zaidi nilistaajabu. Miezi mitatu watoto hawa wanadaka nyimbo wasizozijua, nusu pumzi tu nyuma, na mwalimu wao hana habari.

Sasa nifanye nini? Sikutaka kuwanyang'anya desturi yao, kwa hiyo niliigeuza. Wote waliupa ubao mgongo isipokuwa mmoja. Huyo ndiye mtoaji. Anasoma mstari, wenzake wanapokea bila kuuona. Kisha anakaa, anasimama wa pili yake. Hakuna aliyesalimika. Mtoaji akikosea, wote walilipokea kosa lile lile kwa nguvu zao zote, halafu kicheko. Yule binti aliporudi kutoka Lusu alinuna siku mbili, akizungusha macho kila mwenzake alipojikwaa. Siku ya tatu nikamkuta nje amechuchumaa, anamchorea mtu ngazi kwenye mchanga.

Asubuhi ya ukaguzi mwalimu mkuu alinivuta pembeni. "Mwanangu," akasema, "mweke mbele yule binti mwenye sikio. Wengine watamfuata, mgeni hatajua. Mambo yaishe."

Sitasema uongo, nililifikiria. Kipindi changu kilikuwa pale, nikinyoosha mkono tu nakipata. Lakini mkaguzi alipoandika mistari miwili aliyoitunga pale pale, akauliza kwa Kiswahili chake cha vitabuni ni nani ataanza, nikasikia mdomo wangu unasema, "Chagua mwenyewe, bwana." Mwalimu mkuu akatazama dari.

Mkaguzi akaelekeza kalamu nyuma kabisa, kwa mtoto wa Usinge.

Wenzake wakageuka kama tulivyozoea. Yeye akainuka, akaupitia mstari wa kwanza kwa macho, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akatoa: do, mi, re, mi. Mbele yake palikuwa na fa. Akasita. Nilisikia njiwa wakitembea juu ya bati. Nikaona mguu wake wa kulia unasogea sakafuni, hatua fupi kabisa, na fa ikatoka, nyembamba, safi, mahali pake hasa. Akaenda mpaka mwisho. Na wale thelathini na saba, migongo yao ubaoni, wakaupokea mstari mzima.

Robo saa nyuma wimbo ule haukuwapo popote. Hakuna mdomo uliomtangulia yule mtoto. Hata mkaguzi hakuwa ameuimba. Ulitoka kwenye chaki ukaingia kwake, na sasa chumba kizima kilikuwa nao. Jambo hilo nililifundisha miezi yote ile, na naona sikuwa nimeliamini.

Mkaguzi alisema kipindi kiendelee. Mwalimu mkuu alimsindikiza, na aliporudi akaniambia karanga zitangoja, hazina haraka. Nje watoto waliendelea kumwita yule wa Usinge nyuki, ila sasa waligombania nani atamsindikiza kwa shangazi yake.

Nilibaki peke yangu. Mstari wa pili ulikuwa bado ubaoni; hakuna aliyeufikia. Nikautazama, nikakumbuka kwamba chuoni niliimba siku zote nikiwa pembeni ya mwenzangu mwenye sauti kubwa, na kwamba kila wimbo niliowaandikia watoto nilikuwa naujua tangu utotoni. Nikafunga mlango. Nikasimama mbele ya mstari ule, nikatafuta do yangu mpaka ikatulia kooni, nikaanza.