Cherehani Iliyoachwa Kwetu

Cherehani ya mkono ya Bi Mwajuma ilinuka mafuta ya mashine na chaki, na harufu hiyo ilijaa chumbani kwetu Ipole mvua za kwanza za msimu nilioingia darasa la tano. Bi Mwajuma, jirani yetu na fundi pekee wa kijiji, alikuwa amekwenda hospitali ya Kitete kumuuguza mumewe. Aliiacha kwa mama akisema, "Dada, hili ndilo jembe langu. Lisiguswe." Ilikuwa na kasoro moja: kila baada ya shubiri iliruka mshono, nasi tuliitambua kazi yake kwa alama hiyo. Shule zilipokaribia kufunguliwa sikuwa na sketi, na baba alikuwa porini kwenye mizinga ya nyuki. Mama akaitoa cherehani barazani penye mwanga, akanishonea. Wingu likatanda, yeye akakimbilia uani kuanua mahindi, mimi nikaingia ndani kuijaribu sketi. Tuliporudi barazani, meza ilikuwa tupu.

Bi Mwajuma aliporudi, majirani walitaka mama alipe. Mwenye mali ndiye aliyekataa. "Aape kwa Mungu wake, nami nitaridhika." Mama aliweka mkono juu ya Biblia mbele ya mzee wa kanisa, akaapa kwamba cherehani iliibwa chumbani, na kwamba yeye hakutia mkono katika mali ya jirani. "Yamekwisha," akasema Bi Mwajuma, akageuka kuondoka. Pale mlangoni nilimwamkia. Akainama, akaupitisha upindo wa sketi yangu kati ya vidole vyake.

"Marahaba, mwanangu. Nani kakushonea?"

"Fundi wa Sikonge."

"Kumbe naye cherehani yake inaruka! Basi msalimie."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu imefika hadi leo. Siku hizi mtu akikuachia hata baiskeli, huandika karatasi na kuipiga picha kwa simu. Wakati ule kiapo kilitosha. Nimeisoma sheria ya Musa mara nyingi, polepole, kalamu mkononi. Aliyeibiwa amana bila kuigusa huapa, akaachiliwa. Aliyeapa uongo hurudisha kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano, naye hukiri kwa kinywa chake. Sijaona mahali panaposema mtoto anaweza kukiri badala ya mzazi.

Bi Mwajuma anaishi Igunga sasa, na nasikia anashona kwa sindano ya mkono. Mwaka jana nilinunua cherehani. Iko chumbani kwangu, haijafunguliwa. Nikiipeleka, atauliza ni ya nini, na mama bado yu hai.