Mwandiko wa Jambazi wa Sinema

Marehemu mume wangu, Albrecht Nottebohm, hakuwa jambazi. Nayaandika haya kwa sababu Bi Pischke, muuza viazi wa mtaa wetu hapa Moabit, Berlin, bado anawaambia wateja wake kwamba Albrecht alikuwa mkuu wa genge. Mtu aliyemwomba radhi paka akimkanyaga mkia! Genge lenyewe labda lilikuwa mimi na huyo paka.

Albrecht alikuwa karani katika ofisi ya ndoa. Alirudi kutoka vitani na nishani moja na mkono wa kulia unaotetemeka, hata supu ya viazi haikufika mdomoni. Hata hivyo, vyeti vya ndoa viliendelea kutoka ofisini kwake vikiwa na mwandiko wa kupendeza, na hakuna aliyeuliza kitu.

Kisha ikaja ile filamu bubu kwenye sinema ya mtaa wetu. Jambazi wake mkuu haonekani uso, anaitetemesha Berlin nzima kwa barua zinazojaza pazia lote la sinema: "Kesho benki ni yangu." Mpiga piano wa ukumbini alikuwa bado anatutisha kwa muziki wake, Bi Pischke aliposimama juu ya kiti.

"Jamani! Huo si mwandiko wa cheti changu cha ndoa?"

Asubuhi watu walipanga foleni ofisini, vyeti mkononi. Mwashi mmoja alikuja na furaha tele.

"Bwana karani, kama kaandika jambazi, basi ndoa hakuna, siyo? Niambie tu, nikafungashe."

"Fungasha," akasema mkewe nyuma yake, mwavuli juu. "Nikusaidie?"

Mkuu wa ofisi, Bwana Zabel, akamwekea Albrecht karatasi. "Andika hapa maneno ya yule jambazi. Miandiko ikifanana, kazi huna."

Bi Pischke, aliyekuwa kwenye foleni, kwa huruma zake zinazojulikana alikimbia kuniletea habari. Niliingia ofisini bila kubisha, nikamtoa Albrecht kalamu mkononi kabla hajagusa karatasi, nikaandika mwenyewe: Kesho benki ni yangu.

"Watu wa filamu walitangaza kwamba wanatafuta mwandiko mzuri," nikasema. "Mimi ni binti wa mwalimu. Barua zile ni zangu. Mume wangu hahusiki."

Bwana Zabel akaitazama karatasi, akavitazama vyeti mezani.

"Sasa, bibi, kama mwandiko huu ni wako, vyeti hivi kaandika nani?"

"Pamoja na cha kwako, bwana?"

Mwaka uliotangulia alikuwa amemwoa binti wa mwenye kiwanda cha bia, na mzee yule hakumpenda hata kidogo.

"Baba mkwe wako angefurahi sana kusikia kwamba cheti chako kina walakini," nikaongeza.

Bwana Zabel akaikunja karatasi, akaitupa ndani ya jiko la makaa.

"Karani Nottebohm, watu wanasubiri."

Albrecht aliishika kazi ile mpaka alipofariki. Siku ya mazishi, mbele ya mchungaji, Bi Pischke akaninong'oneza: "Lakini vile vyeti, mama, aliandika nani hasa?"

Sikumjibu. Nanyi siwajibu.