Mchezo wa Kipofu Juu ya Rhotia

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumamosi, nilisimama katikati ya miti juu ya kijiji chetu, Rhotia, nikiwa nimefungwa macho kwa kitenge. Mtu mzima mwenye mvi kidevuni, nimenyoosha mikono mbele kama mtoto anayejifunza kutembea. Aliyenifunga ni Boay, jirani yangu na rafiki yangu tangu tulipokuwa tukichunga ndama pamoja.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku mtaukumbuka mchezo wenyewe. Tuliuita kipofu. Mmoja alifungwa macho, akazungushwa mpaka asijue nyumbani ni upande gani, akapelekwa kwenye mti. Aliruhusiwa kuupapasa, kuunusa, kuukwangua kwa ukucha, hata kuulamba. Kisha autaje. Tuliitaja kwa Kiiraqw, kwa kuwa Kiswahili tulikikuta shuleni, nacho kilikuja bila miti yetu. Aliyekosea alibeba kuni za wenzake hadi nyumbani. Mimi nilibeba mara chache sana.

Enzi hizo ukungu wa mwezi wa saba ulishuka mpaka mlangoni. Tulitoka na viazi vitamu vya moto mifukoni. Kwanza vilitupasha mikono, ndipo tukavila. Ijumaa kila mwanafunzi alipeleka shuleni mavi ya ng'ombe ya kupaka sakafu ili viroboto wakimbie. Siku moja nilichanganya majivu na udongo mwekundu, nikachora dume la ng'ombe kwenye ukuta wa darasa. Mwalimu alinichapa, kisha akawaita walimu wenzake waje kulitazama. Marehemu mama, tuliyemwita Aayo, hakunichapa. Aliitazama mikono yangu michafu akasema, "Jicho linapita. Mkono unakaa." Nilidhani ananiambia ninawe.

Nilikua, nikawa mchoraji wa mandhari. Shule ya sanaa sikuisoma. Nilinunua vitabu vya mitumba mnadani, nikavifuata ukurasa kwa ukurasa: namna ya kuonyesha umbali, namna ya kuweka kivuli, namna ya kufanya ukungu uonekane ukungu. Ninauza picha pembeni mwa lami, Karatu mjini. Wageni wanaoshuka kwenye magari ya safari hupenda mgunga mmoja, jua linalozama na wachungaji watatu wenye mashuka mekundu. Nimewachora wachungaji hao mpaka ninaweza kuwachora huku nikibishana bei.

Mwaka huu hoteli moja iliyo kwenye barabara ya kwenda lango la Ngorongoro iliniagiza picha kubwa ya ukuta wa mapokezi. Walitaka msitu, na si msitu wowote, bali huu wetu. Niliichora chumbani, nikitazama picha za kwenye simu na kurasa za vitabu vyangu. Kila wiki nilisema nitatenga siku niende msituni, na kila wiki nilikosa nafasi. Mke wangu alichoka kunisikia. "Baba Neema, msitu unauona ukisimama chooni," alisema. "Unasubiri viza?"

Ndiyo maana Jumamosi ile nilikwenda, picha ikiwa imebakiza kusainiwa tu. Nilimwomba Boay anisindikize kwenye kipande cha msitu wa kijiji, nje ya mpaka wa hifadhi, maana nyati hawaheshimu wasanii. Tulipofika akakumbuka mchezo, na mimi, kwa kiburi, nikainamisha kichwa anifunge.

Mti wa kwanza niliupapasa nikautaja haraka, nikakosea.

"Huo ni mkenge, bwana," Boay alisema. "Endelea."

Wa pili nikasema mgunga.

"Mgunga? Miiba yake iko wapi? Au wa kwako unanyolewa?"

Nilicheka. Bado ilikuwa mzaha. Akanisogeza kwenye mti wa tatu. Gome lilikuwa limepasukapasuka, gumu, baridi. Nilikwangua, nikanusa vidole. Nikanusa tena. Boay akaacha kutania. Mwishowe nikasema sijui.

Alinifungua macho taratibu. Ulikuwa mzeituni pori. Kwa makaa ya mti huu Aayo alifukiza kibuyu cha maziwa kila asubuhi, na harufu yake ndiyo iliyokuwa ladha ya maziwa yote niliyokunywa utotoni. Katika picha ya hoteli nilikuwa nimechora mizeituni saba.

"Haya, kuni zinakungoja," Boay alisema, lakini kwa sauti ya chini.

Tuliziokota, nikazibeba mgongoni, zake na zangu. Njiani tulikutana na akina mama wakitoka mazoezi ya kwaya. Huku kwetu mwanamume habebi kuni mgongoni labda kuwe na msiba. Mmoja akasimama. "Pole, Baba Neema. Mama Neema amelazwa?" Nikamwambia sivyo, nimeshindwa mchezo. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na kicheko kilitufuata hadi kwenye kona.

Nyumbani niliisimamisha picha kwenye mwanga. Miti yote ilikuwa mti mmoja, na mti huo haukuota Rhotia. Ulitoka katika kitabu cha nchi yenye theluji. Jumatatu nilikwenda hotelini kuomba muda. Meneja, kijana mwenye adabu, alinisikiliza mpaka mwisho. "Mzee, wageni hawajui," alisema. "Kwao ni kijani tu. Ilete ilivyo, uchukue hela yako."

Nilirudi nikaikwangua miti yote ya kwenye picha kwa kisu. Meneja hakuweza kungoja. Akampa kazi mchoraji mwingine.

Hapa, kwa desturi yetu, ningewacheka vijana wa leo. Yupo kijana wa bodaboda hapa kijijini anayeelekeza simu kwenye mti ili simu imtajie jina. Raha ya kumcheka nimeikosa. Yeye hakufundishwa, na angalau anauliza. Mimi nilifundishwa bure, na watu walionipenda, nikasahau huku nikijiita mchoraji wa msitu.

Sasa kila Jumamosi ninapanda juu na karatasi. Ninashika gome kwanza, ndipo ninachora, na michoro bado ni mibaya. Zamani tulirudi kutoka msituni tukinuka majani mpaka kwenye nywele, na hakuna aliyetuambia kwamba hayo yalikuwa masomo. Siku hizi nikirudi, harufu inaishia vidoleni, nikinawa, imekwisha.

Malipo ya awali ya hoteli, shilingi laki tatu, niliyarudisha. Laki tisa zilizobaki sikuzipata. Jumla nimepoteza shilingi milioni moja na laki mbili.