Sahani za Baba

Siku ile naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, kwa sababu nilikuwa nimeketi. Ujanani siku nyingi nilikuwa nimeketi, kwa hivyo hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba kazi ilinifuata hapo hapo kwenye kigoda, hapa kwetu Tabaka, jiwe la sabuni mapajani na msasa mkononi.

Nakuandikia haya kwa sababu mamako ameniambia krispi zako za ndizi zimerudishwa kutoka Kisii mjini, eti zimelainika ndani ya mifuko, na sasa umejifungia huko Ekerenyo hutaki hata kuona mgomba. Nilicheka. Usinikasirikie. Njia hiyo niliipita kabla yako, tena nikiwa nimebeba mawe.

Aliyeniletea kazi ni binamu yangu Ombati, aliyeajiriwa katika duka la vinyago la Bwana Salim, mjini. Bwana Salim alitaka sahani za kutundika ukutani, kila moja na neno 'Baba' na picha inayolifaa. Nikimpendeza, ningekuwa fundi wa duka lake. Nikishindwa, ningerudi kuchuma chai katika mashamba ya watu, kazi niliyoichukia kwa sababu haifanywi mtu akiwa ameketi.

Ombati alinieleza yote kwa Kikisii, kama tunavyoongea nyumbani. Na wewe unajua, kwetu mama ndiye huitwa baba, na baba huitwa tata. Kiswahili nilikisoma hadi kidato cha nne, lakini masikio yangu hayakwenda shule. Nilisikia 'baba', nikamwona mama yangu.

"Si uende mjini umuulize mwenyewe?" Ombati akasema.

"Kwani wewe huna mdomo? Umeshaniambia."

Basi nikamaliza akiba yangu yote kwa mawe. Nikachonga, nikasugua kwa maji na msasa, nikapaka rangi nyeusi, kisha nikachora kwa ncha ya kisu mpaka weupe wa jiwe ukatokea: mwanamke mwenye kitambaa kichwani, mtoto kifuani, na chini yake, kwa herufi kubwa, BABA. Nilijiona bingwa.

Bwana Salim alifungua gunia, akatoa sahani moja, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Fundi," akasema polepole, "huko kwenu baba ananyonyesha?"

Duka zima lilicheka. Ombati naye alicheka, msaliti yule. Nikabeba gunia langu hadi nyumbani, nikajifunika blanketi gubigubi na kutangaza kwamba sitashika kisu tena maishani.

Mama aliingia, akafungua gunia. Akatoa sahani moja.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Baba."

"Pua umenionea. Lakini jina liko sawa. Sasa unalia nini?"

"Bwana Salim amezikataa."

"Anataka za namna gani?"

"Sikumuuliza."

"Aa! Mwenye duka hukumuuliza, ukaja kuuliza blanketi. Limekujibu?"

Mwanangu, halikuwa limenijibu.

Akalivuta blanketi, akalikunja na kulikalia. "Hizi nitazipeleka mimi kwenye jumuiya ya kanisa. Wewe nenda mjini. Kwa miguu yako, si ya Ombati."

Wale akina mama wa jumuiya walipoona mwanamke ananyonyesha na jina lake halisi chini, walizigombania. Mmoja alitaka ya kumpa mama mkwe, mwingine alikuwa na harusi ya binti. Hakuna aliyehitaji kuelezwa lolote. Sahani zilizokuwa kichekesho mjini, kwetu hazikuwa na kasoro yoyote, labda ile pua.

Mimi nilifika dukani. Nikamwambia Bwana Salim nilisikia neno lake kwa masikio ya nyumbani. Alicheka mpaka kofia ikakaa upande. Kisha akachukua karatasi ya kufungia bidhaa na kunichorea alichotaka: mzee, fimbo, kofia. Nikanunua mawe kwa pesa za akina mama, nikaanza upya. Na moja ya zile za kwanza, niliyokuwa nimebaki nayo, aliniomba aitundike juu ya meza yake, wateja wapate cha kuuliza. Duka lile sasa liko chini ya mwanawe, na bado mimi ndiye fundi wao. Bado nimeketi pia.

Kwa hivyo nisikilize. Vaa viatu uende mjini kwa mwenye duka. Muulize krispi zililainika lini: zilipofika, au baada ya kukaa rafuni? Muulize wengine wanaifungaje mifuko yao. Akikucheka, cheka naye, halafu uliza tena. Mimi sikuharibikiwa siku niliyochekwa. Nilikaribia kuharibikiwa siku nilipolala bila kuuliza, na kama si mama kulikalia lile blanketi, leo ungekuwa na babu mchuma chai, tena mvivu.

Mungu akubariki, mwanangu. Ayachemshe mafuta yako vizuri, akupe wateja wa kusema ukweli, na kila asubuhi amtume mtu wa kukuvuta blanketi. Na hizo krispi laini usiwape kuku. Niletee hapa Tabaka. Meno yangu yamebaki ya kuhesabika, nami nimezingoja za namna hiyo miaka mingi.